Acha Mzigo, Njoo Huku: Hotuba kwa Wahudumu Wapya wa Ndege

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliosafiri usiku kucha kuja kuwaona vijana wenu, na ninyi wahitimu mliokaa hapo mbele na sare zilizonyooka: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi.

Nilipoalikwa niliombwa nizungumzie huduma kwa mteja. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu, karatasi ninazo hapa. Lakini nilipofika asubuhi hii nimepita uani, nikauona ule mlango wa ndege mnaofanyia mazoezi, umefungwa kwenye fremu ya vyuma chini ya mwembe. Nimesimama pale kidogo, nikashika mpini wake. Nimezifanya kazi za mlango kama ule kwa miaka 26. Basi mwalimu aliyenialika anisamehe, karatasi nitaziacha. Mambo ya tabasamu na chai mmefundishwa vya kutosha. Mimi nitawasimulia ndege moja iliyotua kwenye mvua ikapitiliza njia, halafu nitawaambia ninalolitaka kwenu.

Ilikuwa tarehe 2 Agosti 2005. Ndege ni Airbus A340 ya Air France, safari namba 358, imetoka Paris inakwenda Toronto, Kanada. Ndani wamo abiria 297 na wafanyakazi 12, yaani marubani 2 na wahudumu 10. Jumla watu 309. Kule ni kiangazi, na mchana wa kiangazi katika sehemu zile unaweza kuleta ngurumo za kutisha. Siku hiyo radi zilikuwa zinapiga uwanjani hadi wapakiaji mizigo na wahudumu wa ardhini wakaondolewa nje, kazi zikasimama. Ndege zilizotangulia kutua zilikuwa zimeshatoa taarifa kwamba breki hazishiki vizuri. Kwenye njia ya kutua kulikuwa na maji yaliyosimama, kina chake zaidi ya nusu sentimita. Mtasema nusu sentimita ni nini? Kwenye uwanja wa mpira si kitu. Chini ya tairi linalokwenda kasi ya ndege inayotua, nusu sentimita inatosha kulifanya tairi lielee, liteleze juu ya maji bila kuigusa lami.

Aliyekuwa anairusha ni rubani msaidizi. Walipokaribia chini, kama futi 350 kutoka ardhini, akazima mitambo ya kujiendesha akaishika ndege kwa mikono yake. Hapo upepo ukageuka. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na sisi watoto wa pwani tulijifunza majina ya pepo kabla ya herufi. Upepo wa mbisho unakupiga usoni, unakuchelewesha. Upepo wa tezi unatoka nyuma, unakusukuma. Kwa jahazi, wa tezi ndio raha. Kwa ndege inayotua ni kinyume kabisa: rubani anautaka wa mbisho umsaidie kupunguza mwendo, na anauogopa wa tezi. Siku ile mbisho uligeuka tezi wakati wamebakiza muda mfupi kugusa chini. Ndege ikapanda juu ya mstari wake wa kushukia, ikaupita mwanzo wa njia ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, na papo hapo ikaingia kwenye mvua nzito iliyofunika vioo vya mbele.

Njia ile ilikuwa na urefu wa mita 2,743. Magurudumu yaligusa chini wakati mita 1,160 hivi zimeshapita. Yaani zaidi ya theluthi moja ya njia iliisha wakiwa bado angani.

Abiria wengine walipiga makofi. Mnayajua makofi hayo, hata kwetu wanapiga, hasa kama safari ilikuwa na misukosuko. Watu walikuwa wametikiswa wee, sasa wamesikia magurudumu yamegonga lami, wakaona wamefika.

Ndege haikusimama. Zile injini ambazo rubani huzigeuza zisukume hewa mbele ili kuisaidia breki, zilianza kugeuzwa zaidi ya sekunde 12 baada ya kugusa chini. Hesabuni polepole mpaka 12, mtaona jinsi sekunde zinavyokuwa ndefu. Mwisho wa njia ulipofika ndege bado ilikuwa na mwendo wa noti 80, karibu kilomita 150 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani lililokosa adabu. Ikatoka kwenye lami, ikapita kwenye majani, na mita 300 hivi mbele yake kulikuwa na korongo la kijito kinachoitwa Etobicoke. Ikaingia humo. Ilikuwa saa 10 na dakika 2 jioni kwa saa za kule. Moto ukaanza.

Korongo hilo lilikuwa na historia. Mwezi Juni mwaka 1978 ndege nyingine, DC-9 ya Air Canada, ilighairi kuruka baada ya tairi kupasuka, ikashindwa kusimama, ikatumbukia kwenye korongo hilohilo. Watu 2 walikufa. Miaka 27 ikapita, korongo likabaki pale pale. Inaniuma kila nikiikumbuka habari hii. Mambo ya ardhi iliyo mbele ya mwisho wa njia si ya kwenu, ni ya wahandisi na wizara, lakini mjue kwamba yapo. Kule Goma, Kongo, lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo mwaka 2002 ilifunika sehemu ya njia ya uwanja ikaifanya kuwa fupi, na mwaka 2009 ndege ya abiria ilitua ikapitiliza ikaishia kwenye mawe ya lava. Chicago, Desemba ya mwaka uleule wa 2005, ndege iliteleza kwenye theluji, ikatoboa ua wa uwanja wa Midway, ikaingia barabarani, ikamuua mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya gari. Mtoto hakuwa abiria. Alikuwa anapita na wazazi wake.

Turudi Toronto, kwa sababu hapa ndipo kazi yenu inapoanzia.

Watu 309 wako ndani ya ndege iliyovunjika, ndani ya korongo, mvua inanyesha, moto unawaka nje upande wa kushoto, moshi unaingia. Milango mingine haikufaa kutumika. Slaidi nyingine, yaani yale mateleza ya kujazwa upepo ya kushukia kutoka mlangoni, hazikujaza upepo inavyotakiwa. Na wote 309 walitoka wakiwa hai. Wote. Watu 12 waliumia vibaya, 2 kati yao wafanyakazi wa ndege, lakini hakuna aliyekufa. Sehemu kubwa ya abiria walikuwa nje kwa muda ambao mtu anautumia kuchemsha maji ya chai ya kikombe kimoja. Wengine walipanda ukingo wa korongo wakafika barabara kuu, magari yaliyokuwa yanapita yakawachukua, wamelowa, wengine hawana viatu. Ndege iliendelea kuungua nyuma yao kwa saa kadhaa, paa lote likaisha. Mkiiona picha yake mtadhani hakuna aliyenusurika.

Nani aliwatoa? Magari ya zimamoto yalifika haraka sana, mnamo dakika moja tangu king'ora kilie, na wanastahili heshima yao. Lakini zimamoto anazima moto akiwa nje. Ndani walikuwa wahudumu 10. Walichungulia madirisha wakaamua mlango upi ufunguliwe na upi ubaki umefungwa. Walisimama mlangoni wakisukuma watu. Walipaza sauti.

Sasa sikilizeni jambo ambalo uchunguzi wa Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada ulilibaini. Pamoja na amri za kuacha kila kitu, karibu nusu ya abiria walichukua au walijaribu kuchukua mizigo yao ya mkononi. Nusu! Moto unaonekana dirishani, na mtu anafungua kabati la juu ya kiti. Bodi ililiona jambo hili kuwa zito kiasi cha kupendekeza kwamba maelezo ya usalama anayopewa abiria yaseme waziwazi: wakati wa kutoka kwa dharura, acha mizigo yote.

Siku ile hakuna aliyekufa kwa sababu ya begi. Sitaki mkariri kwamba basi, si tatizo. Ndege inathibitishwa kwa jaribio: watu wote watoke ndani ya sekunde 90, gizani, kwa kutumia nusu tu ya milango. Kwenye jaribio lile ujia hauna mtu anayevuta sanduku la magurudumu. Mtu mmoja akisimama sekunde 5 kutafuta begi, amezuia kila aliye nyuma yake. Na sanduku likishuka kwenye slaidi linaweza kuichana, na slaidi ikichanika, mlango ule umekufa.

Nilipokuwa kijana kama ninyi niliamini abiria wanaochukua mabegi ni wajinga au wana tamaa. Siamini hivyo tena, na nitawaambia kwa nini.

Masika ya mwaka mmoja tulitua uwanja wa kanda ya ziwa. Mvua kubwa, lakini kutua kulikuwa salama. Tulipokuwa tunatembea kwenda kuegesha, moshi ukaanza kutoka nyuma, karibu na jiko langu. Moshi mweupe, una harufu ya waya. Rubani akatoa amri tutoke. Nikafungua mlango wangu, slaidi ikashuka, nikaanza kupaza sauti kwa Kiingereza kama nilivyofundishwa, maneno yaleyale mnayoyakariri ninyi. Watu wa kwanza wakaruka. Halafu ujia ukasimama. Katikati yake alikuwa mama mmoja wa umri wa mama yangu, amevaa vitenge doti nzima, amelikumbatia begi jeusi la zipu, lile la kubebea kwapani. Ananiangalia usoni. Nampigia kelele, ananiangalia tu. Moshi unashuka kutoka darini. Nyuma yake watu wanasukumana. Nikasema, na sijui lilitoka wapi maana mafunzo hayakunipa neno hilo: "Mama! Acha begi! Njoo huku mama!"

Akaliachia kana kwamba limemuunguza. Akaja, nikamshika mkono, akaruka.

Moto haukutokea, ilikuwa hitilafu ya waya, na jioni ile kila mtu alilala kwake. Lakini nilimkuta yule mama kwenye jengo la abiria amekaa kwenye kiti cha plastiki, kandambili moja mguuni, nyingine hana. Nikamuomba radhi kwa kumfokea. Akaniambia, mwanangu, mle begini mlikuwa na hati ya kiwanja, ndiyo nilikuwa naipeleka mahakamani kesho. Ile hati ndiyo kesi yenyewe.

Tangu siku ile nikaelewa mambo mawili.

La kwanza, watu wetu wanasafiri na maisha yao mkononi. Hati, fedha za ada ya mjukuu, karatasi za hospitali, dawa za sukari. Ukimwambia "acha begi" wakati moto unawaka, hajawahi kulifikiria jambo hilo, ndiyo mara ya kwanza analisikia. Kwa hiyo mwambieni mapema. Mkiona hali ya hewa ni mbaya huko mnakokwenda, mnapopita kukagua mikanda, semeni kwa sauti ya upole: mzee wangu, kitambulisho chako, simu yako na dawa zako zikae mfukoni, likitokea la kutokea begi linabaki hapa. Inachukua pumzi moja. Hamtamtisha. Mtu mzima anapewa taarifa, anashukuru. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi na hakuna hata mmoja aliyenilalamikia kwamba nimemtia hofu.

La pili, na hili ndilo nililoziachia zile karatasi: jifunzeni kupaza amri kwa Kiswahili. Najua kitabu chenu cha amri ni cha Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza, na kwenye ndege yenye wageni mtakihitaji sana. Sikatai. Lakini hofu inamrudisha mtu kwenye lugha aliyonyonyeshwa nayo. Yule mama alijua Kiingereza kidogo, alikuwa ameniomba juisi kwa Kiingereza. Moshi ulipoingia, Kiingereza chake kilitoka. Mnakwenda kuhudumia safari za Kigoma, Bukoba, Mtwara, Pemba. Fungua mkanda. Acha mzigo. Njoo huku. Ruka. Maneno mafupi, tena ya Kiswahili chenu cha kila siku. Usimwambie mtu "tafadhali abiria mnaombwa kuondoka kwa utaratibu." Utaratibu gani wakati moto unawaka?

Nimetaja Bukoba na najua humu ndani kuna walioinamisha vichwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwemo watu 43, tukawazika 19. Ile haikupitiliza njia, haikuifikia, na sitaichambua hapa mbele ya watu waliofiwa. Nataka tu mkumbuke nani alifika wa kwanza: wavuvi, na mitumbwi yao. Kama vile Toronto walivyokuwa madereva wa barabara kuu. Anayekuja kutoka nje ni yeyote aliye karibu, na Mungu awabariki wavuvi wale. Lakini aliye ndani, aliyefunzwa, anayeujua mpini wa mlango unavyozungushwa gizani, ni wewe.

Na sauti inatosha, msidharau. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege kubwa ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani wakati inatua. Katika ile ndogo walikufa watu 5. Ile kubwa ilikuwa na watu 379 na iliwaka moto mpaka ikabaki majivu. Mitambo ya matangazo ya ndani ilikufa. Milango 3 tu kati ya 8 ndiyo iliyotumika. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao, na wote 379 wakatoka. Picha za abiria wale wakishuka, mtazitazama wenyewe: mikono mitupu.

Mtaniuliza marubani wa Toronto walikosea wapi. Nimeruka na marubani wengi, wengine ni wadogo zangu sasa, na siwezi kuzungumza juu yao kwa wepesi. Uchunguzi ulisema hawakuwa wamepiga hesabu ya urefu wa njia wanaouhitaji kwa lami iliyojaa maji. Ukasema pia kwamba walipofika karibu na mwanzo wa njia, akili zao zilikuwa zimeshaamua kutua, wakaamini kwamba nafasi ya kughairi na kupaa tena haipo. Nafasi ilikuwepo. Mtu akishaona lami, miguu yake inataka kuikanyaga. Kwa hiyo siku kapteni wenu atakapoghairi kutua, injini zikanguruma ghafla, ndege ikainua pua, abiria watapiga yowe na wengine watamlaani kwa kuwachelewesha. Ninyi kaeni kwenye viti vyenu na nyuso zenu za kawaida. Akishatulia atatangaza. Na mkishuka naye, mwambieni asante. Nimewahi kumwona kapteni mmoja akitokwa na machozi kwa sababu mhudumu mdogo alimwambia asante baada ya kughairi mara mbili kwenye mvua, wakati abiria wote walikuwa wamempita bila kumsalimia.

Muda wangu naona unakwisha, mwalimu ameshaitazama saa. Naomba jambo moja kabla ya vyeti.

Wahitimu wote, inukeni. Tutoke uani, twende pale chini ya mwembe. Wazazi nanyi njooni, na mikoba yenu, msiiache kwenye viti, nitaihitaji. Mtapanga foleni mbele ya ule mlango kama abiria, na kila mzazi atashika mkoba wake kwa nguvu na asikubali kuuachia mpaka asikie sauti inayomlazimisha. Mhitimu mmoja mmoja atasimama mlangoni. Nitakaa mwisho kabisa, kule kwenye ukuta wa jiko. Kama sikusikia "acha mzigo" kutoka kule niliko, unarudia.

Wewe binti wa mwisho kulia, mwenye sauti ndogo. Ndiyo, wewe. Utaanza.